Mchora Mipaka ya Shule na Geti Lisilo na Ukuta

Saa moja asubuhi, vumbi la saruji bado halijatua. Mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira amesimama mbele ya ukuta mrefu, analitazama tundu ambalo juzi halikuwapo. Ni tundu la upana wa gari. Pembeni yake, fundi mwashi anagonga tindo taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia.

"Fundi, hapa palikuwa na nini?"

"Ukuta, mama."

"Na sasa?"

"Geti."

"Na lile la upande wa pili?"

Fundi anapuliza vumbi kwenye tindo lake. "Lile nimeambiwa nizibe nikimaliza hili. Mimi nimeambiwa toboa, nimetoboa. Wakiniambia ziba, nitaziba. Yaliyomo kwenye vichwa vyao siyajui."

Mama huyo anafungua ramani iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Anafuta alama ndogo ya pembetatu upande mmoja wa kiwanja na kuichora upande mwingine. Kisha anavuta pumzi ndefu, ile ya mzazi anayeokota kiatu kilekile mahali palepale kila jioni.

"Huyu ni wa tatu kuhamisha geti mtaa huu," anasema. "Mwezi wenyewe haujafika nusu."

Ofisini wanamwita Bi Mpaka. Wazazi wana majina mengine ya kumwita, ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kazi yake ni kuchora na kurekebisha mipaka ya maeneo ya shule za msingi katika mji unaokua haraka kuliko ramani zake. Kila shule ina eneo lake, na mtoto huandikishwa katika shule ya eneo anamoishi. Nyumba mpya zikiota, idadi ya watoto hubadilika, na mpaka lazima usogezwe ili shule moja isipasuke huku nyingine ikipiga miayo.

Kwa maneno, ni kazi ya mezani. Kwa miguu, ni kazi ya kutembea na fimbo yenye gurudumu moja la kupimia, ambalo watoto wa mitaa anayopita huliita baiskeli iliyoachwa na mwenzake. Bi Mpaka amelisukuma kwa miaka kumi na moja na tayari ameua magurudumu mawili.

Chanzo cha maumivu yake ya kichwa ni sentensi moja, iliyoandikwa na kamati ya elimu kabla yeye hajaajiriwa. Inasema kwamba kiwanja kinachogusana na mpaka kitahesabiwa kuwa upande ule ambao geti lake linafungukia. Zamani ilikuwa sentensi ya busara. Viwanja vilikuwa vikubwa, wenyewe wachache, na kila mtu alijua geti la nani linatazama wapi.

"Waliiandika watu waliodhani geti ni kitu kizito," anasema Bi Mpaka.

Kisha shamba kubwa lililokuwa katikati ya mji likauzwa, likakatwa viwanja, na ndani ya miaka minne likageuka kuwa mtaa wa nyumba mpya: mapaa ya rangi ya udongo, lami, taa za barabarani. Mpaka wa shule ukapita katikati ya barabara ya mtaa huo. Geti likitazama upande wa juu, mtoto ni wa shule ya zamani. Likitazama upande wa chini, ni wa shule mpya.

Na hapo ndipo mafundi waashi walipopata ajira.

Shule ya zamani ina jina. Ina miti, ina bendi ya tarumbeta, na ina ubao mlangoni wenye majina ya waliofaulu. Pia ina watoto tisini na kitu katika kila chumba cha darasa la kwanza. Dawati la watoto wawili linakaliwa na wanne, na yule wa pembeni huandika akiwa amekalia upande mmoja tu wa mwili wake.

Shule mpya inanuka rangi. Madirisha yana vioo vyote. Vyumba vitatu vimefungwa kufuli kwa sababu hakuna wa kuvikalia.

"Wazazi wanataka kuona matokeo kwanza ndipo walete watoto," anasema mwalimu mkuu wa shule hiyo, mwanamume mpole mwenye sauti ya mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi mno. "Sasa mimi matokeo nitayapata wapi? Nivitahini viti?"

Ofisi ya Bi Mpaka ni chumba anachogawana na masanduku ya chaki na kompyuta inayonguruma kama jiko la mafuta ya taa. Siku za Jumatatu hupokea wazazi. Jumatatu hii wa kwanza kuingia ni baba mmoja aliyevaa tai, ameshika mchoro wa nyumba yake ukiwa umeviringishwa kama mkeka.

"Mama, mimi sikuja kugombana."

"Karibu ukae. Wanaokuja kugombana huanza hivyohivyo."

Baba anakaa. Anaeleza kwamba nyumba aliinunua kwa ajili ya shule ya zamani, kwamba dalali alimwapia, kwamba mke wake hamsemeshi. Bi Mpaka anamwonyesha mstari kwenye ramani ya ukutani. Baba anaukazia macho kwa muda.

"Hii laini umeichora wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Basi ifute."

Anasema hivyo bila jeuri yoyote, kama mtu anayemwomba mwenzake asogeze kiti. Bi Mpaka anafumba macho kidogo. Anamweleza kwamba akimfutia yeye atamfutia na jirani, na akimfutia jirani shule ya zamani itaanza kukalisha watoto juu ya mapaa. Baba anaviringisha mchoro wake. Mlangoni anageuka.

"Nikihamisha geti je?"

"Nitaandika kwamba umehamisha geti."

"Kwa hiyo inawezekana."

"Baba, mimi sijasema nenda. Nimesema nitaandika."

Baba anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na Bi Mpaka anajua kwamba fundi wa tindo amepata kazi nyingine.

Hata hivyo wazazi wa Jumatatu si kitu mbele ya mdogo wake wa kuzaliwa. Mdogo huyo ana kiwanja cha kona katika mtaa huohuo mpya, na mwanawe anaanza darasa la kwanza mwaka ujao. Geti lake linatazama chini. Jikoni kwake, Jumapili mchana, hakuna aliyegusa chai.

"Wenzangu wote wamehamisha," anasema mdogo mtu, akipanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. "Mimi, kwa kuwa dada yangu ndiye mwenye ramani, nikae na geti la aibu."

"Geti lako lina aibu gani? Lina hata kengele."

"Linatazama kubaya, dada. Na wewe unajua."

"Linatazama shule yenye vioo na madawati matupu. Mwanao atakaa peke yake kama waziri."

"Wewe wako walisoma wapi?"

Bi Mpaka anachukua kikombe kimoja na kukirudisha. Wanawe wote wawili walisoma shule ya zamani. Mdogo wake analijua hilo, na anakisogeza kikombe mahali pake.

Shemeji yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani, anachungulia mlangoni. "Mimi mniache. Nimekaa katikati kama mstari wenyewe." Anachukua gazeti na kutoweka.

Mtoto ndiye pekee anayefurahia ziara hiyo. Anapanda mapajani kwa mama mkubwa wake na kumuuliza kama ile fimbo yenye gurudumu anaweza kuazimwa. Tangu Jumapili ile mdogo mtu hapokei simu. Salamu huletwa na mtoto, zikiwa zimekatwa fupi.

Yote hayo Bi Mpaka angeyamudu. Geti moja moja huongeza watoto wawili watatu, na shule ya zamani ingejibana. Kilichovuruga hesabu ni jengo la ghorofa sita lililo mwisho wa mtaa mpya. Mpaka mwezi uliopita geti lake lilitazama chini. Mwenye jengo aliliziba, akafungua jingine nyuma, kwenye kichochoro cha kupitishia taka, akatundika bango refu kama shuka: *Dakika tano hadi shule bora.*

Kwa tundu hilo moja, watoto wa jengo zima wakahamia shule ya zamani bila hata mmoja wao kubadilisha kitanda.

"Niliandika barua kwamba hilo si geti, ni njia ya mapipa," anasema. "Nikajibiwa kwamba kanuni haisemi geti liwe la nini."

Watoto wakizidi, lazima wengine watolewe. Mkuu wake wa idara hakuumiza kichwa. Aliweka kidole kwenye ramani, nyuma ya shule ya zamani, mahali ambapo vyumba vya kupanga vimebanana kama mbegu za papai.

"Toa hawa," alisema. "Hawa hawana geti la kutusumbua."

Sehemu hiyo watu huiita mtaa wa nyuma. Ukuta wake na wa shule ya zamani ni mmoja, na mtoto wa hapo huisikia kengele akiwa bado ananawa uso. Lakini milango ya vyumba hufungukia vichochoro, na vichochoro havina geti hata moja. Kanuni inayo sentensi ya pili kwa ajili yao: nyumba isiyo na geti itapangiwa shule na ofisi kadiri nafasi itakavyoruhusu. Maana yake, wenye kuta wanaweza kuhama bila kuhama, na wasio na kuta huhamishwa.

Kwenye ramani, kutoka mtaa wa nyuma hadi shule mpya ni umbali wa kidole gumba. Ardhini kuna mtaro mkubwa wa maji ya mvua usio na kivuko. Mtoto wa miaka saba lazima auzunguke kwa kufuata barabara kuu, atembee ukingoni malori yakimpita bega kwa bega, avuke mara mbili, kisha arudi upande wa pili wa mtaro. Bi Mpaka aliisukuma njia hiyo na gurudumu lake. Alitumia karibu saa nzima, na buti moja ilibaki kwenye tope.

"Nilimwambia mkuu, huko ndugu yangu hata mimi mtu mzima nilishikilia nguzo lori lilipopita. Akaniambia watazoea." Anatikisa kichwa. "Watoto wanazoea kitabu. Lori hawalizoei."

Ilimbidi yeye mwenyewe akabandike tangazo mtaa wa nyuma, kwa kuwa jina lililo chini ya ramani ni lake. Watu walikusanyika. Hakuna aliyefoka, jambo ambalo anasema lilimuumiza zaidi. Msusi mwenye kibanda pale mwanzo wa kichochoro alilisoma tangazo hadi mwisho, chanuo likiwa limechomekwa nyweleni mwake. Mwanawe yuko darasa la pili.

"Kwa hiyo shida si sisi," alisema msusi. "Shida ni geti."

"Kwa kanuni ilivyo, ndiyo."

"Kanuni imesema na ukuta?"

Bi Mpaka alifikiri. "Haijasema ukuta."

"Haya, mama. Ahsante kwa kuja."

Alirudi ofisini bila kuwaza zaidi. Aliporudi mtaa wa nyuma wiki mbili baadaye, alidhani amepotea njia.

Mwanzoni mwa kichochoro, likitazama shule ya zamani uso kwa uso, limesimama geti. Ni la chuma, mabawa mawili, limepakwa rangi ya buluu, lina mapambo ya maua yaliyokunjwa kwa moto. Limeshikwa na nguzo mbili za zege ambazo hazijakauka vizuri. Kushoto mwa nguzo hakuna kitu. Kulia mwa nguzo hakuna kitu. Kuku anapita pembeni, na baada yake anapita mtu mwenye ndoo.

Lilikuwa kazi ya fundi wa kuchomelea anayeishi humohumo. Mteja mmoja alikuwa ameliagiza kisha akapotea, na kwa mwaka mzima lilikuwa limeegemea nyumba ya fundi likila nafasi. Wanaume wa mtaa walilibeba asubuhi moja. Wanawake walichanga saruji kwa vikopo.

Bi Mpaka anasimama mbele yake, ramani mkononi. Watu wanaanza kutoka vyumbani mmoja mmoja, kama wanaotazama daktari akimpima mgonjwa.

"Hili ni nini?" anauliza.

"Geti," anajibu msusi.

"Linazuia nini?"

"Na lile la ghorofani linazuia nini? Mapipa?"

Mtu anacheka nyuma. Bi Mpaka anajikaza. Anachunguza bawaba. Anavuta komeo. Linafunga, tena vizuri kuliko la ofisini kwake.

"Mnalifunga kabisa?"

"Kila siku saa nne usiku," anasema fundi wa kuchomelea, na kumwonyesha ufunguo ulioning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. "Utaratibu ni utaratibu."

"Na mtu akichelewa kurudi?"

Fundi anamtazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Anapita pembeni."

Hapo Bi Mpaka anashindwa. Anacheka hadi anashika nguzo, na nguzo inamwachia saruji mkononi. Mtaa mzima unacheka naye, isipokuwa mtoto mmoja wa kike aliyevaa sare, ambaye amesubiri kwa adabu watu wazima wampishe. Hataki kupita pembeni. Anataka kupita getini, kwa sababu ni zuri.

Bi Mpaka anampisha. Kisha anatoa kalamu na kuliweka geti kwenye ramani, mahali lilipo, likitazama linakotazama.

Msusi hacheki tena. Anaisogelea ramani. "Litakubaliwa, mama? Mimi niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwanangu nimwambie nini?"

"Sijui kama litakubaliwa," anasema Bi Mpaka. "Lakini mimi nimeshaliandika. Wakitaka kulikataa, itabidi waeleze geti ni nini. Na wakianza kueleza, yale mengine yote yatajibu pamoja nalo."

Ofisini haikupokewa vizuri. Mkuu wa idara aliitazama ramani mpya, akavua miwani, akaivaa tena.

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, mkuu. Nimehesabu mageti. Hili lina bawaba na komeo. Lile la ghorofa halina komeo."

"Lakini halina ukuta."

"Tuandike basi kwamba geti liwe na ukuta. Halafu tuandike ukuta uwe wa siku nyingi. Halafu tuandike mtu awe analipitia kweli. Tukifika hapo, mkuu, tutakuwa tumeacha geti, tumeanza kuzungumzia miguu ya mtoto. Mimi ndiko nataka twende."

Mkuu hakuifuta alama. Alisema jambo hilo lifike mbele ya kamati, kwa sauti ya mtu anayemsukumia mwenzake sahani chafu. Kamati inakutana wiki ijayo.

Bi Mpaka atakwenda na pendekezo fupi: neno geti liondolewe, na mpaka ufuate njia ambayo mtoto anaweza kuitembea salama kutoka mlango wa nyumba yake. Ameshazipima njia hizo, mtaa baada ya mtaa. Kwa kipimo hicho mtaa wa nyuma unabaki shule ya zamani bila ubishi. Ghorofa linarudi shule mpya, na bango lake litafaa kweli kuwa shuka. Kiwanja cha kona cha mdogo wake nacho kinakwenda shule mpya, geti litazame juu, chini au mawinguni.

Hilo alikwenda kumweleza mwenyewe, akisimama nje kwa kuwa hakukaribishwa ndani.

"Yaani unapigania watoto wa watu, wa kwako unamtupa," mdogo wake alimwambia.

"Wa kwangu ana lami na taa hadi darasani. Nimeipima mara mbili, nikitumaini nimekosea."

Mdogo mtu alifunga mlango. Ila hakuubamiza, na Bi Mpaka, anayemjua tangu akiwa mgongoni, anaihesabu hiyo kuwa hatua.

Anakiri kwamba kamati inaweza kumwangusha. Wajumbe wawili wanaishi kwenye ghorofa lilelile. Mwingine amemwambia waziwazi kwamba geti la mtaa wa nyuma ni kejeli kwa serikali. "Nikamwambia kejeli ilianza zamani, wao wamechelewa tu kujiunga."

Mpango wake, vyovyote watakavyoamua, ni huu. Siku ya kwanza ya muhula ameomba ruhusa ya kutokwenda ofisini. Asubuhi atasimama mtaa wa nyuma, pale kichochoro kinapogawanyika, aone watoto wanashika upande gani.

"Wakikata kushoto kuelekea kengele, narudi nyumbani kulala, maana sijalala vizuri tangu ghorofa lile litoboe ukuta," anasema. "Wakikata kulia kuelekea malori, nitakwenda nao. Nitavuka nao kwenda, nitavuka nao kurudi. Na kesho yake nitawapitia wajumbe wa kamati nyumbani kwao, kila mmoja, tuivuke wote."

Anafikiri kidogo, kisha anaongeza, kama mtu anayerekebisha hesabu: "Wavae buti."